Gasketi inayovuja: tafuta chanzo kabla ya kushika spana

Gari lililokula miaka likianza kuacha doa la oili pale linapoegeshwa, jibu la haraka huwa lilelile: gasketi imekufa, weka nyingine. Mara nyingi ni kweli gasketi imekufa. Swali ni ipi, na imeuawa na nini. Injini ya kawaida ya silinda nne ina gasketi, ringi za mpira na oili sili zaidi ya kumi: kwenye kava la tapeti (kifuniko cha juu kabisa), hedi (kichwa cha silinda kilicho chini yake), manifoldi zote mbili (ya kuingizia hewa na ya ekzosi), pampu ya maji, themostati, kava la cheni ya taimingi, sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta ya oili, mbele na nyuma ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Ukilala chini ya gari na kutazama juu, nyingi kati ya hizo huilowesha injini kwa namna moja. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza siku nzima akibadilisha gasketi ya sampu, kumbe oili ilikuwa inashuka kutoka juu kabisa, kwenye kava ambalo lingefunguliwa kwa muda mfupi tu.

Kazi hii inawezekana nyumbani, na kwa maoni yangu kila mwenye gari la zamani anapaswa kuielewa, hata kama mwishowe ataamua kumwachia fundi. Ila ugumu wake hauko pale watu wanapoutarajia. Kutoa gasketi iliyochoka na kulaza mpya ni sehemu fupi. Muda mwingi huenda kwenye kutafuta mahali panapovuja, kujua kwa nini panavuja, na kusafisha.

Kinachozuia oili ni mbano

Nyuso mbili za chuma, hata zikisagwa kwa mashine nzuri, hazikutani sawasawa. Hubaki na vibonde vidogo visivyoonekana kwa macho, na oili ikishapata moto huwa nyepesi kiasi cha kupenya humo. Gasketi ni kitu laini kuliko chuma kinachowekwa katikati. Bolti zikikazwa inabanwa, inajaa kwenye vibonde hivyo, njia inazibika. Kwa hiyo injini kavu hutegemea mambo manne kwa pamoja: gasketi yenyewe, unyoofu na usafi wa nyuso mbili, nguvu ya bolti, na presha inayosukuma kutoka ndani. Moja likiharibika oili inatoka, hata kama mengine matatu ni mazima. Gasketi mpya inarekebisha moja tu kati ya manne hayo, na hapo ndipo fedha na jasho la watu wengi hupotelea.

Kila aina ya gasketi hufa kwa namna yake. Za karatasi, zinazotumika sana kwenye pampu ya maji na themostati, hulowana taratibu na kuoza pembeni. Za koki, zilizokuwa kila mahali kwenye makava na sampu za magari ya zamani, hukauka na kusinyaa, kisha bolti hubaki zimelegea ingawa hakuna aliyezigusa. Za mpira hugeuka ngumu kwa joto la miaka. Ukiivuta gasketi ya mpira kutoka kwenye mfereji wa kava la tapeti la gari lililotembea sana, utaona jambo hilo wazi: ilipokuwa mpya ilikuwa na mgongo wa mviringo na ilirudi umbo lake ukiiminya, sasa imelala bapa, imechukua umbo la mfereji, na ukiikunja inakatika kwa sauti. Mpira wa namna hiyo hausukumi tena dhidi ya chuma. Hata ukiukaza zaidi hauna cha kurudisha.

Gasketi ya hedi ni jambo jingine. Yenyewe huzuia vitu vitatu kwa wakati mmoja: moto wa silinda, oili na maji ya rejeta. Injini ya petroli ikiwa kwenye mzigo, presha ndani ya silinda hufika bar 50 na zaidi. Ya dizeli hupita hapo kwa mbali. Kwa hiyo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi na chuma, au kwa mabati kadhaa membamba ya chuma yaliyolazwa pamoja, na kanuni zake ni tofauti na za gasketi nyingine zote.

Doa linasema nini

Anza na kilichodondoka. Laza boksi safi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, kisha asubuhi tazama rangi na mahali. Oili ya injini huwa ya kahawia hadi nyeusi. Oili ya gia otomatiki, na mara nyingi ya usukani, huwa nyekundu ikiwa bado nzima. Kulanti, yaani maji ya rejeta, huwa ya kijani, pinki, buluu au rangi ya chungwa, na huteleza ukiigusa. Mafuta ya breki hukaribia rangi ya maji, na hayo si jambo la kusubiri hata siku moja. Maji matupu chini ya upande wa abiria, kama kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, si ugonjwa.

Ukijua ni oili ya injini, usitafute mahali palipolowa zaidi. Oili hushuka kwa uzito wake, na upepo wa gari likienda huisukuma nyuma, kwa hiyo palipolowa zaidi ni mwisho wa safari yake. Tafuta mahali palipo juu zaidi na mbele zaidi penye unyevu. Kwenye injini iliyojaa matope ya miaka hilo haliwezekani, kwa hiyo isafishe kwanza. Paka dawa ya kuondoa grisi injini ikiwa baridi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji machache, na funika vizuri distributa, altaneta, soketi za umeme na mlango wa hewa. Ikikauka, pulizia poda nyepesi ya talka sehemu unazozishuku. Endesha gari mwendo mfupi, kisha tazama kwa tochi: oili mpya huchora mstari mweusi juu ya poda nyeupe, na ukiufuata mstari huo kwenda juu utafika kwenye chanzo.

Kabla ya kuilaumu gasketi yoyote kubwa, kagua vitu vidogo. Swichi ya presha ya oili, kile kidude chenye waya mmoja au miwili kilichofungwa kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), huvuja kwa ndani na kulowesha upande mzima wa injini. Dawa yake ni kukifungua na kufunga kipya. Filta ya oili ikifungwa huku ringi ya mpira ya filta ya zamani imebaki imenata kwenye bloku, ringi mbili hukaa pamoja na oili humwagika kwa wingi. Nati ya kumwagia oili ina washa yake ya shaba au aluminiamu, na washa hiyo ikitumika mara nyingi haibani tena.

Kuna kosa moja la utambuzi ambalo ni ghali kuliko yote: oili ikionekana pale injini inapokutana na gia boksi, hukumu hutolewa kwamba sili ya nyuma ya krankishafti imekwisha. Kazi hiyo inahitaji kushusha gia boksi. Lakini kona ya nyuma ya kava la tapeti iko juu ya mahali hapo hapo, imejificha karibu na ukuta wa kabini, na oili inayotoka hapo hushuka nyuma ya bloku hadi ifike palepale. Pitisha kidole au kioo kidogo nyuma ya kava. Kikirudi kimelowa, umeokoa gia boksi.

Presha ya tumboni

Jambo hili huachwa mara nyingi, na ndilo huwarudisha watu kwenye kazi ileile. Pistoni ikisukumwa na moto, gesi kidogo hupenya kando ya ringi zake na kuingia tumboni mwa injini, kule oili iliko. Hata injini mpya hufanya hivyo. Gesi hizo zisipotolewa hujaa na kusukuma oili nje kupitia kila mwanya. Zamani zilitolewa moja kwa moja hewani kwa bomba la wazi. Tangu miaka ya 1960 magari yalianza kuzivuta zirudi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa zikachomwe, kwa kutumia valvu ndogo ijulikanayo kama PCV.

Valvu hiyo au mpira wake (bomba linalopitisha gesi hizo) ukiziba kwa masizi, presha hupanda, na gasketi nzima huanza kutoa jasho la oili. Ukiweka mpya bila kuzibua, mpya nayo itavuja. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma polepole, chomoa valvu kwenye kava na ziba mdomo wake kwa kidole. Unapaswa kuhisi mvuto. Aina nyingi zenye kigololi au pistoni ndogo ndani hulia ukizitikisa. Ikikaa kimya, imenata. Kagua pia mpira wote kwa urefu wake, maana mpira wa zamani hujikunja ndani na kuziba ingawa kwa nje unaonekana mzima.

Sasa fungua kizibo cha oili injini ikiwa na moto na bado inaunguruma. Hewa kidogo ni kawaida. Kama moshi unasukumwa kwa nguvu, tena kwa mapigo, huku valvu na mipira ni mizima, basi ringi za pistoni zimechoka na gasketi mpya itakupa nafuu ya muda tu. Ni heri kulijua hilo kabla ya kununua chochote.

Kazi ipi ni yako

Kava la tapeti ni kazi ya mtu yeyote mwenye mikono makini. Sampu inategemea gari: kwenye baadhi hushuka yenyewe bolti zikitoka, kwenye mengine imezibwa na mhimili wa chini na ni lazima injini inyanyuliwe kidogo. Pampu ya maji na themostati ni za wastani. Sili za mbele zinahusu puli na pengine belti ya taimingi. Sili ya nyuma ya krankishafti ningemwachia mtu mwenye jeki ya gia boksi. Hedi nitaieleza mbele.

Vifaa havihitaji kuwa vingi, lakini kimoja hakina mbadala: toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, tena ya kipimo kidogo. Nati za magurudumu ya gari dogo hukazwa kwa takriban niutoni mita 100, ilhali bolti ndogo za kava la tapeti mara nyingi ni kati ya 7 na 10. Mkono uliozoea magurudumu haujui 8 ikoje. Kwenye hedi ya aluminiamu, tofauti hiyo ndogo inatosha kula nyuzi. Pata pia kitabu cha ufundi cha gari lako hasa, kwa sababu namba za injini moja haziifai nyingine.

Ukiingia chini ya gari, jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari likae kwenye stendi, juu ya sakafu ngumu, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe. Litikise kabla ya kuingia.

Kava la tapeti, hatua kwa hatua

Acha injini ipoe kabisa, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Piga picha za kila upande kabla ya kuchomoa chochote, na weka alama kwenye waya za plagi ili kila mmoja urudi kwenye silinda yake. Unapochomoa waya hizo utajua jambo jingine: kwenye injini nyingi zenye plagi katikati ya hedi, kila plagi hukaa ndani ya shimo refu lenye sili yake ya duara. Sili hizo zikifa, shimo hujaa oili. Mpira wa waya hutoka umevimba na kung'aa, na injini huwa imeanza kukosa moto kwenye silinda hiyo. Fyonza oili yote kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda.

Legeza bolti kidogo kidogo ukianzia pembeni kuelekea katikati. Kava likigoma, ligongegonge kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao. Usiingize bisibisi katikati ya nyuso, kwa kuwa kovu moja kwenye aluminiamu ni njia ya oili ya kudumu. Likitoka, funika hedi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Sasa usafi, na hapa usiwe na haraka. Masalia ya gasketi kwenye aluminiamu yakwanguliwe kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao ngumu, baada ya kulainishwa kwa dawa ya kutoa gasketi. Diski za kusugulia zinazofungwa kwenye drili zinafanya kazi haraka, na ndiyo maana zinavutia, lakini hutoa vumbi kali linaloingia kwenye oili na kusaga beringi. Zikwepe kabisa kwenye injini iliyo wazi. Mwisho, futa nyuso zote mbili kwa kiyeyusho kisichoacha mafuta hadi kitambaa cheupe kirudi cheupe. Gasketi mpya ya mpira iliyolazwa juu ya tone la oili inaweza kuteleza kutoka mahali pake bolti zinapokazwa.

Jambo la kiafya: gasketi za magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, hasa za hedi na za manifoldi ya ekzosi, huenda zina asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu, usizisugue kwa brashi ya mashine, wala usizipulize kwa hewa. Zilowanishe, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, na masalia yafungwe kwenye mfuko yakiwa bado mabichi.

Tazama bolti zenyewe. Kwenye makava mengi bolti ina bega linalogota kwenye hedi, na mbano hautoki kwenye bolti bali kwenye mpira mnene ulio chini ya kichwa chake. Mpira huo ukilala bapa, bolti inagota kabla kava halijabanwa, na kuikaza zaidi hakuongezi mbano wowote, bali kunakata nyuzi. Badilisha mipira hiyo pamoja na gasketi. Hii ndiyo sababu ya makava mengi kuvuja siku chache baada ya kuwekewa gasketi mpya nzuri.

Kama kava ni la bati, liweke juu ya kioo au sakafu nyoofu ulipime. Kila tundu la bolti lililowahi kukazwa kupita kiasi huwa na ukingo ulionyanyuka, na ukingo huo huzuia sehemu iliyo kati ya bolti mbili isiguse gasketi. Laza bati juu ya mbao bapa, gonga ukingo urudi. Kisha laza gasketi, rudisha kava bila kuliburuta, shika bolti zote kwa vidole kwanza, na ukaze kuanzia katikati kwenda nje kwa mizunguko miwili au mitatu hadi ufikie namba ya kitabu.

Silikoni: palipo na haki yake na pasipo

Silikoni ya injini ni kitu kizuri kinachotumika vibaya kuliko vyote. Gasketi ya mpira hukaa kavu. Ukiipaka silikoni pande zote unaifanya iteleze, na ziada yake hujikusanya ndani kama mkia. Mkia huo ukikatika husafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili lililoko ndani ya sampu. Chujio likiziba, injini inakosa oili, na hapo doa lililokuwa sakafuni litaonekana jambo dogo sana.

Mahali pake ni kwenye maungio ya vipande vitatu: pale kava la taimingi linapokutana na hedi, na kwenye zile plagi za mpira za nusu mduara kwenye ncha za hedi. Hapo tone dogo kwenye kila kona linatosha. Sampu nyingine kiwandani zilifungwa kwa silikoni pekee, bila gasketi. Hizo hupakwa mstari mmoja mwembamba wa takriban milimita 3, unaopita upande wa ndani wa kila tundu la bolti, na sampu hufungwa kabla silikoni haijaanza kukauka. Kisha iachwe muda ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi saa 24, kabla ya kutia oili. Usitumie silikoni ya vioo na mabafu, ile yenye harufu ya siki. Asidi yake hula chuma, na haivumilii oili ya moto.

Dawa za kumimina zinazodai kuzuia kuvuja nina msimamo nazo. Za oili hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, kwa hiyo zinaweza kupunguza jasho la sili kwa muda. Koki iliyosinyaa au bati lililopinda haziligusi. Za rejeta huziba njia nyembamba bila kuchagua, na rejeta ya hita huwa ya kwanza kuumia. Singeziweka kwenye gari ninalotaka kuliweka miaka mingi.

Hedi: pima mara nyingi kabla ya kufungua

Gasketi ya hedi huvuja kwa njia kadhaa, na nyingi hazionekani nje. Kulanti inapungua bila tone chini. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu haukomi hata injini ikipata moto. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto. Mapovu yanapanda kwenye rejeta mfululizo. Utando wa rangi ya maziwa na kahawia chini ya kizibo cha oili unawatisha wengi, lakini ukiwa hapo peke yake, kwenye gari la safari fupi za baridi, mara nyingi ni mvuke tu uliogandia. Tazama dipstiki (kijiti cha kupimia oili): oili yote ikiwa na rangi hiyo, ndipo jambo ni zito.

Usifungue kwa dalili moja. Kuna kipimo cha maji ya buluu yanayowekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya moto wa silinda ikipita humo, hugeuka manjano. Pima kompresheni ya kila silinda: mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, njia imeungua katikati yao. Na kizibo cha rejeta kisiguswe injini ikiwa na moto, kwa sababu maji yaliyoshikiliwa kwa presha hulipuka kuwa mvuke mara tu kinapolegea.

Zaidi ya yote, uliza kwa nini. Gasketi ya hedi mara nyingi hufa baada ya gari kuchemsha, na gari huchemsha kwa sababu ya rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama, feni isiyowaka, pampu iliyochoka au mpira uliopasuka. Sababu hiyo isipotatuliwa, gasketi mpya inawekwa kwenye foleni ya kuungua.

Kama utaifanya nyumbani, iwe kwa sharti kwamba una kitabu, una toki renchi, una mahali gari linaweza kukaa siku kadhaa, na kuna karakana yenye mashine ya kusawazisha hedi. Maji yamwagwe kwenye chombo; kulanti ni sumu, na utamu wake huwavuta wanyama. Pistoni ya kwanza iwekwe juu kabisa, alama za taimingi ziwekewe rangi kabla cheni au belti haijaguswa. Bolti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa mpangilio wa kinyume na wa kukaza, kidogo kidogo. Kuzilegeza zikiwa na moto kunaweza kuipinda hedi ya aluminiamu.

Gasketi iliyotoka isitupwe haraka. Alama nyeusi inayovuka kutoka silinda moja hadi nyingine, au kutoka silinda hadi tundu la maji, inakuonyesha pa kuchunguza kwenye hedi na bloku. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na upitishe chini yake vibati vya kupimia mwanya. Watengenezaji wengi huruhusu kati ya milimita 0.05 na 0.1, ikizidi, hedi iende mashineni. Pima bloku pia. Watu husahau kwamba nayo inaweza kupinda.

Mashimo ya bolti kwenye bloku yakaushwe hadi chini. Oili au maji yakibaki humo, bolti inapoingia huyabana, na kwa kuwa kimiminika hakibaniki, bloku inaweza kupasuka. Bolti za aina inayokazwa kwanza kwa niutoni mita, kisha kwa kuzungushwa digrii kadhaa zaidi, hunyooshwa kwa makusudi wakati wa kukazwa, na nyingi hazirudiwi. Nunua mpya. Na kama matundu ya maji kwenye gasketi mpya ni madogo kuliko ya kwenye bloku, yaache hivyo: yamepimwa ili kugawa maji sawasawa kati ya silinda, na kuyatanua ni kuharibu mpangilio huo.

Gasketi ilazwe kwa upande ulioandikwa juu au mbele, ikiwa kavu isipokuwa maelekezo yaseme vingine. Kaza kwa hatua na mpangilio wa kitabu. Taimingi ikisharudi, zungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Ukihisi imegota, simama na kagua alama upya, maana kwenye injini nyingi valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu.

Siku ya kuwasha

Tia oili na kulanti, toa hewa kwenye mfumo wa maji, kisha washa na uache iungurume. Moshi unaopanda kutoka juu ya manifoldi ya ekzosi dakika za mwanzo huwa ni oili ya zamani iliyoidondokea ikiungua. Utapungua wenyewe kama hakuna mpya inayoshuka. Pitisha tochi kwenye maungio yote injini ikiwa inawaka, halafu tena ikishapoa. Gasketi ya mpira isikazwe tena baada ya hapo. Ya koki huweza kuhitaji kuguswa kidogo baada ya kupata moto na kupoa. Baadhi ya gasketi za hedi za aina ya zamani hudai kukazwa upya baada ya joto la kwanza, na kitabu kitasema. Za mabati ya chuma hazihitaji.

Kama ulifungua hedi, oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwendo mfupi, kwa sababu maji kidogo huingia ndani hedi inaponyanyuliwa. Kwa wiki mbili zinazofuata, tazama dipstiki na kiwango cha kulanti kila asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, na lile boksi safi liendelee kulala chini ya gari usiku.